Mtoto wa Kwetu Si Pensheni

Bukavu tuna imani moja ambayo wasomi na wachuuzi wanaishikilia sawasawa, wala hakuna anayeihoji. Inasema hivi: mstaafu wa Kivu ya Kusini anateseka kwa sababu hatuna mtu wetu mwenye nguvu Kinshasa, tukimpata, na tukimlinda wasimng'oe, pensheni na mengine yatafuata. Kwa imani hiyo, kila ugomvi wa uongozi ndani ya chama unageuka kuwa jambo la ukoo. Vital Kamerhe alipojiuzulu uspika wa Bunge la Taifa tarehe 22 Septemba 2025, baada ya wabunge kuwasilisha hoja za kumwondoa, wapo waliosikitika kana kwamba wazee wetu ndio walionyang'anywa mkate. Aimé Boji Sangara alipochaguliwa kukalia kiti hicho hicho mwezi Novemba, wapo waliopumua: afadhali, kiti kimebaki Walungu, jimboni kwetu.

Ninaipinga imani hiyo yote, mzizi na matawi. Imepewa muda, imepewa watu, imepewa vyeo ambavyo majimbo mengi hayajawahi kuvigusa, na bado imeshindwa. Gharama ya kushindwa kwake inalipwa na walimu, wauguzi na makarani waliomaliza nguvu zao katika kazi ya leta, yaani ya serikali.

Tuwataje hao watoto wetu, maana anayesema hatujawa na watu juu anasahau historia ya jana. Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu, aliongoza Bunge la Taifa kuanzia 2006 hadi 2009. Mwaka 2010 aliunda chama chake, UNC, na mwaka uliofuata akagombea urais akawa wa tatu. Mwaka 2019 akawa mkuu wa ofisi ya Rais Félix Tshisekedi, mtu ambaye faili zote nzito zilipitia mikononi mwake. Mwaka 2023 akawa naibu waziri mkuu mwenye dhamana ya uchumi, na mwaka 2024 akarudi kwenye uspika. Modeste Bahati Lukwebo, kiongozi wa chama cha AFDC, aliongoza Seneti kuanzia 2021 hadi 2024. Wizara ya Bajeti ilikuwa mikononi mwa UNC kuanzia 2019, kwanza kwa Jean-Baudouin Mayo Mambeke, kisha, kuanzia 2021, kwa Boji mwenyewe, hadi 2025. Karibu miaka sita mfululizo, chama ambacho ngome yake ni sisi ndicho kilichoshika kalamu inayoandika nani alipwe nini katika Jamhuri hii.

Sasa tuulize: katika miaka hiyo, je, mwalimu aliyestaafu Bagira au Kadutu alipata tarehe maalumu ya kulipwa pensheni yake? Je, mjane wa askari polisi aliacha kuzunguka ofisi na bahasha ya karatasi zilizochakaa? Je, wazee wenye nywele nyeupe waliacha kung'ang'ania chaki kwa kuogopa kwamba siku wakitoka darasani ndiyo siku mshahara unapokatika na hakuna kinachokuja badala yake? Kila mtu wa mji huu anajua jibu. Mwalimu aliyepaswa kupumzika bado anafundisha, na kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, ISP, anafundisha darasa la jirani bila kuandikwa kwenye orodha ya malipo, akisubiri nafasi ambayo mzee hawezi kuiachia. Vizazi viwili vimebanwa katika mlango mmoja kwa sababu pensheni haiaminiki.

Sisemi kwamba viongozi hao hawakufanya lolote. Ninachosema ni kwamba walipofanya, hawakufanya kama watoto wa Kivu, na waliposhindwa, kuwa kwao watoto wa Kivu hakukutusaidia. Mageuzi yanayowagusa zaidi wastaafu wa serikali yalikuja kwa njia nyingine kabisa. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, CNSSAP, uliundwa kwa amri ya Desemba 2015. Sheria ya mfumo wa hifadhi hiyo ilitoka Julai 2022, wakati wizara ya utumishi wa umma ikiwa chini ya Jean-Pierre Lihau, ambaye si mtoto wa Kivu. Ikiwa mzee wa Bukavu atalipwa siku moja kwa sheria hiyo, atalipwa kwa sababu ni mtumishi aliyeandikwa na kukatwa mchango. Hakuna atakayemwuliza kijiji chake.

Angalia pia Bahati. Mwaka 2012 aliteuliwa waziri wa ajira, kazi na hifadhi ya jamii, wizara ile ile inayosimamia pensheni za wafanyakazi wa kampuni. Kama imani ya mtoto wa kwetu ingekuwa kweli, huo ndio ungekuwa mwaka wa neema kwa wastaafu wetu. Miaka 7 baadaye, Bahati alipotaka kugombea uongozi wa Seneti dhidi ya matakwa ya muungano wa FCC uliomzunguka Joseph Kabila, chama chake kilipasuka. Upande mmoja ulibaki naye, upande wa pili ukamfuata Néné Nkulu Ilunga. Serikali ilipotangazwa mwishoni mwa Agosti 2019, Nkulu akapewa wizara ya kazi na hifadhi ya jamii. Hebu tuitazame wizara hiyo ilivyotumika: ilimpata kiongozi aliyesimama upande uliotakiwa katika ugomvi wa chama. Katika mabishano yote ya nani ana haki ya jina na bendera ya AFDC, hakuna upande uliosimama na kusema: sisi ndio wa kweli kwa sababu tuna mpango wa kumlipa mzee wa miaka 70.

Hapa wapinzani wangu wana jibu lao, nami nalichukua kwa uzito. Wanasema tatizo ni mgawanyiko wenyewe. Kamerhe akifungwa, kama ilivyokuwa Aprili 2020, na akihukumiwa miaka 20 mwezi Juni, chama kinabaki kinavutana juu ya nani akalie kiti kwa muda. Nguvu zinaisha ndani, hakuna anayebaki na pumzi ya kutetea wananchi. Mahakama ilipomwachilia huru mwaka 2022, muda ulikuwa umekwenda. Wangeungana, wanasema, wangeleta.

Hoja hiyo inadhani kwamba wanachogombania ni njia ya kutuhudumia. Lakini soma mivutano hiyo yote, ya UNC, ya AFDC, na ya vyama vingine, utaona inahusu mambo yale yale: nani ataje majina ya mawaziri, nani aweke saini kwenye orodha ya wagombea, nani azungumze na Rais kwa niaba ya chama. Pensheni haimo katika ugomvi, kwa hiyo haiwezi kuwemo katika suluhu. Wakipatana kesho asubuhi, watapatana juu ya viti.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko katika tukio ambalo wengi wetu tunalikumbuka. Tarehe 11 Novemba 2018, huko Geneva, viongozi wa upinzani walitia saini kumuunga mkono Martin Fayulu awe mgombea mmoja wa urais. Kamerhe alitia saini. Tshisekedi alitia saini. Kabla siku ya pili haijaisha, wote wawili walikuwa wamefuta saini zao, wakisema wanachama wao wamekataa. Siku 12 baada ya Geneva walikuwa Nairobi wakiandikiana mkataba wao wawili. Basi wanachama wa vyama hivi wana nguvu ya kumfanya kiongozi ameze saini yake ndani ya saa 24. Nguvu hiyo ipo, haikuazimwa popote. Lakini ilitumika kwa jina la mgombea tu. Haijawahi kutumika kumwambia kiongozi: hutatia saini muungano wowote usiotaja kwa maandishi tarehe ya kulipa wastaafu. Tumewapa viongozi hasira yetu kwa ajili ya vyeo vyao, tukabaki mikono mitupu tulipofika kwenye haja zetu.

Na wao je, ilipofika zamu ya uzee wao, walisubiri mtoto wa kwao? Hapana. Bunge lilipitisha sheria namba 18/021 ya tarehe 26 Julai 2018, inayoweka hadhi ya marais wa zamani waliochaguliwa na marupurupu ya wakuu wa zamani wa taasisi kuu za nchi, wakiwemo waliowahi kuongoza Bunge na Seneti. Wanasiasa wanajua vizuri kwamba uzee hautunzwi kwa urafiki. Wanajua kwamba rafiki aliyeko ikulu leo anaweza kuwa gerezani kesho. Kwa hiyo walipotaka kuulinda uzee wa wakubwa waliandika sheria yenye namba, yenye tarehe, isiyomtaja mtu kwa kabila wala kwa chama. Hekima hiyo ndiyo ninayoidai kwa ajili ya karani, muuguzi na mwalimu.

Wala hatuombi hisani. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 36, inaitaja pensheni ya uzeeni kwa jina, kama sehemu ya kinga ambayo taifa linamhakikishia mfanyakazi. Ibara ya 49 inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Kwa mfanyakazi wa kampuni, mfuko wa CNSS unachukua asilimia 18 ya mshahara: 13 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Fedha hiyo imekatwa kabla mtoto hajanunuliwa daftari. Anayeidai uzeeni anadai chake. Tukimfundisha kumshukuru mbunge kwa kulipwa chake mwenyewe, tumemfanya ombaomba mbele ya mlango wa nyumba aliyoijenga.

Historia yetu inaonyesha kinachotokea haki inapokosa mlinzi. Mfumo wa hifadhi ya jamii wa nchi hii uliwekwa kwa amri ya 29 Juni 1961, hata mwaka mmoja wa uhuru ulikuwa haujatimia. Kwa maandishi ulikuwa mfumo kamili. Kisha zikaja miaka ya 1990, fedha ikayeyuka. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Mtu aliyechangia tangu ujana wake aliona miaka yake yote ikipungua hadi thamani isiyotosha kununua sabuni. Hakuna kiongozi wa Kivu, wa Kasai wala wa Ikweta aliyewarudishia watu wake thamani hiyo, kwa kuwa hakukuwa na kanuni inayolazimisha pensheni ipande bei za vitu zinapopanda.

Wachimbaji wa SOMINKI wanalijua hilo kuliko sisi sote. Kampuni ile, iliyoundwa mwaka 1976 ikichimba bati na dhahabu huku Kivu, ilivunjwa mwaka 1997. Wafanyakazi wake wa Kamituga na kwingineko wamedai malipo yao ya mwisho kwa miongo. Katika miaka hiyo hiyo jimbo limekuwa na mawaziri, maseneta, maspika. Kila uchaguzi ulipofika, madai ya wazee wa SOMINKI yalikuwa hotuba nzuri. Uchaguzi ulipopita, wazee walirudi kusubiri, na wengi walizikwa wakisubiri. Kama ukaribu na wakubwa ungekuwa dawa, ugonjwa huo ungekuwa umepona kitambo.

Wengine watasema: hata kwa majirani mambo huamuliwa na mkubwa. Ni kweli, na tuone matokeo yake. Tanzania iliunganisha mifuko yake ya pensheni mwaka 2018, na kanuni mpya ya kikokotoo ikashusha mkupuo wa kwanza hadi asilimia 25 kwa watumishi waliokuwa wakipewa 50. Wafanyakazi walipiga kelele, na Desemba 2018 Rais John Magufuli akasimamisha kanuni hiyo kwa kauli yake. Watu walishangilia. Magufuli alifariki Machi 2021. Julai 2022 kanuni mpya ikaanza kwa asilimia 33. Malalamiko hayakwisha hadi mwaka 2024 serikali ilipoipandisha hadi 40 kwa watumishi wale waliotoka kwenye 50. Kilichotolewa kwa kauli ya mkubwa kilikaa muda wa kauli hiyo. Kilichobaki mkononi mwa wafanyakazi ni kile walichoendelea kukidai wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa takwimu.

Zanzibar inafundisha zaidi. Oktoba 2015 uchaguzi wao ulifutwa. Machi 2016 ukarudiwa, chama cha upinzani cha CUF kikaususia. Mwaka huo huo CUF ikapasuka kati ya Profesa Ibrahim Lipumba na Maalim Seif Sharif Hamad, mpasuko uliompeleka Seif katika chama cha ACT-Wazalendo mwaka 2019. Siasa mbovu kuliko hiyo ni vigumu kuipata. Lakini Aprili 2016, katikati ya uchungu wote huo, Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichangia au hakuchangia. Mwaka 2023 kiasi hicho kilipanda hadi 50,000. Si fedha nyingi. Lakini bibi wa Pemba aliyeipigia CUF kura maisha yake yote haulizwi anamtambua mwenyekiti yupi. Anaulizwa umri wake. Vyama vimegawanyika, viongozi wamehama, wengine wamefariki, na malipo yanaendelea, kwa kuwa yamefungwa kwenye kigezo kimoja ambacho hakuna mkutano mkuu wa chama unaoweza kukibadilisha.

Kuna wanaosema Afrika haihitaji haya yote, kwamba pensheni yetu ni watoto. Waende Kadutu alfajiri, waangalie kina mama wenye umri wa bibi wakipandisha magunia, halafu warudie maneno hayo. Watoto wao wako wapi? Wengine wameuawa katika vita vya tangu 1996. Wengine wako migodini, wengine ughaibuni, wengine hapo hapo nyumbani bila kazi, wakimtegemea mzee badala ya kumtegemeza. Mtoto anayetaka kumtunza mama yake na hana mshahara hatunzi mtu. Na mama huyo hakuwahi kukatwa mchango wowote, kwani hakuwa na mwajiri; maisha yake yote yalikuwa sokoni na kwenye likelemba, mchango wa zamu wa majirani. Kwa hiyo mfuko wa watumishi peke yake hautoshi. Tunahitaji malipo ya msingi kwa kila mzee, kama ya Zanzibar, kama yale Kenya iliyoanza kuwalipa wote wenye miaka 70 mwaka 2018.

Fedha itoke wapi? Itoke pale inapotoka ya mambo mengine. Bajeti ya taifa ilikuwa karibu dola bilioni 7 mwaka 2021; ile ya 2024 ilifika karibu bilioni 16. Ukuaji huo ulitangazwa kama fahari, na aliyeutangaza alikuwa waziri wa bajeti kutoka kwetu. Basi hakuna wa kutuambia leo kwamba nchi hii haina kitu. Nchi ina orodha ya nani atangulie kulipwa, na wazee wamewekwa mwisho wa orodha hiyo.

Jibu la mwisho la wapinzani ni vita. Tangu Februari 2025 mji wetu uko chini ya waasi wa AFC/M23. Mabenki yalifunga milango, gavana na ofisi zake wakahamia Uvira, na mtumishi wa leta akabaki kati ya mamlaka mbili zisizotambuana. Wanasema: huu si wakati wa pensheni, amani kwanza. Nami nasema huu ndio wakati ambao imani ya mtoto wa kwetu imeanguka mchana kweupe. Watoto wetu walikuwa kwenye viti vyao Kinshasa mji ulipochukuliwa. Uspika haukufungua dirisha hata moja la benki katika mtaa wetu wa Nyawera. Mzee hawezi kusimamisha njaa mpaka mazungumzo ya wakubwa yaishe, na haki yake haitokani na nani anaushika mji. Miaka yake 30 ya kazi ilifanyika, michango yake ilikatwa, jina lake liliandikwa. Mkataba wowote utakaotiwa saini juu ya mashariki ya Congo bila kifungu kinachosema waziwazi jinsi mishahara na pensheni za watu wa maeneo haya zitakavyolipwa, pamoja na malimbikizo, utakuwa umetugawana bila kutuona.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tumetegemea cheo cha ndugu yetu, ambacho hata yeye mwenyewe hana hakika nacho. Basi tubadili tunachodai. Kila chama kinachokuja kwetu, kiwe na mwenyekiti mmoja au wawili wanaogombana, kijibu kwa maandishi maswali haya. Je, mtapigania orodha ya wastaafu wa kila wilaya itangazwe hadharani, ikionyesha nani amelipwa na nani anadai? Je, mtaandika katika sheria tarehe ya malipo, na kanuni ya kupandisha pensheni bei zinapopanda? Je, wachangiaji watakuwa na wawakilishi waliowachagua wenyewe, wenye kura, katika kusimamia mifuko yao? Je, mtapitisha malipo ya msingi kwa kila mwenye miaka 70, na kwa kiasi gani, kuanzia mwaka gani?

Spika wa Bunge la Taifa leo anatoka kwetu. Aulizwe maswali hayo na wazee wa Walungu, na wazee wa Kasai wawaulize wabunge wao maswali yale yale, kwa maneno yale yale. Akijibu kwa kupeleka muswada, tumsifu kwa muswada huo. Akijibu kwa kutukumbusha kwamba yeye ni mtoto wa kwetu, tumwambie kwamba hilo tunalijua, na kwamba swali bado halijajibiwa. Chama kinachoyakataa maswali hayo kisipate kura yetu hata kama mwenyekiti wake amezaliwa katika uzio wetu, na chama kinachoyakubali na kuyatimiza kipate kura yetu hata kama mwenyekiti wake hajawahi kuliona ziwa Kivu.